Nani Asogee: Mtoto au Shule?

Msafiri wa pwani anayekwenda Dodoma kwa barabara huupita mji wa Morogoro, huiacha milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto, kisha hupanda taratibu hadi Gairo, mji wa soko ulio baina ya nchi kavu ya Ugogo na milima ya Ukaguru. Gairo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kilosa hadi ilipofanywa wilaya kamili mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo iliikuta na watu zaidi ya 190,000, wengi wao Wakaguru, wakulima wa mahindi na maharage. Akiendelea mbele takriban kilomita 100, msafiri huyo hufika Buigiri, ambako Kanisa la Anglikana lilifungua mwaka 1950 shule ya kwanza ya watoto wasioona katika Tanganyika. Mbele kidogo ni Dodoma penyewe, mahali Bunge lilipopitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Barabara moja, basi, inaunganisha kijiji, shule na sheria. Na juu ya barabara hiyo limelala swali la kimaadili ambalo miaka mingi ya mipango haijalijibu sawasawa: mtoto na shule wanapokuwa mbalimbali, nani asogee?

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mtoto asogee. Baada ya Buigiri zilikuja shule nyingine, kama ile ya wasioona ya Irente huko Lushoto na ile ya viziwi iliyofunguliwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963. Shule zilikuwa chache na nchi ni kubwa, hivyo mtoto alifungiwa kibegi chake akasafiri. Haifai kulibeza jibu hili. Mtoto aliyekuwa akiketi kizingitini akisikiliza nyayo za wenzake wakienda kusoma alipata maandishi ya nukta nundu, alipata wenzi waliofanana naye, na aligundua kwamba hayuko peke yake duniani. Wapo waliotoka humo wakawa walimu wa wengine.

Lakini kila safari ina nauli, na nauli hii aliilipa mtoto. Mfano na uwe wa mtoto asiyeona kutoka kijiji cha milimani, tuseme upande wa Nongwe. Si mtoto fulani, ni mtoto wa kufikiria tu. Kwa Wakaguru ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ana neno kubwa katika mambo ya mpwawe. Mtoto anayeondoka akiwa na miaka saba, akawa harudi ila likizo, huongezewa elimu na hupunguziwa kijiji. Vijia vya kwao havijui kwa miguu, kazi za shamba la mama yake hazijui kwa mikono, na Kikaguru kinamkauka ulimini. Siku ya kurudi, hurudi mgeni. Wenzake wanaoona hawakulazimishwa kuchagua baina ya kujua kusoma na kujua kwao.

Jibu la pili lilitoka mbali zaidi. Mwezi wa Juni 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, nchini Hispania, wakatamka kwamba shule ya kawaida ndiyo impokee kila mtoto. Zanzibar ilitunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizo mwaka 2009, ikatoa mkakati wake wa kwanza wa elimu jumuishi, na mwaka uliofuata ikapata sheria ya Bara. Kabla ya hayo, karo ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, umeanza 2002. Uandikishaji halisi, ambao mwaka 2000 haukufika asilimia 60, ulipita asilimia 95 ilipofika 2006. Ilionekana kana kwamba kila mtoto ameingia.

Hawakuingia wote. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008 ulionyesha kwamba asilimia 7.8 ya watu wa miaka saba na kuendelea walikuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine; katika takwimu za shule za msingi za miaka ya 2010, watoto wenye ulemavu hawakufika hata asilimia 1 ya wanafunzi. Hata wakiondolewa wazee, ambao ulemavu huwajia kwa umri, pengo hilo ni kubwa mno kuelezeka kwa bahati. Na aliyeingia, aliingia wapi? Mtoto wa Nongwe anaweza kuandikwa jina katika shule ya kijijini kwake, akaketi dawati la mbele, na mwalimu akageukia ubao akasema: "Tazameni hapa." Kwa neno hilo moja mtoto ametolewa nje bila ya kuinuliwa kitini. Jengo limekuwa karibu naye. Mafunzo yamebaki mbali vilevile.

Hapa maneno yenyewe, "mahitaji maalumu," yanapaswa kuchunguzwa. Yanadokeza kwamba wako watoto wasio na mahitaji, ambao shule huwatosha kama ilivyo, na wako wachache wanaokuja na madai ya ziada. Lakini ubao ni nini, ikiwa si chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya wanaoona? Dirisha lilitobolewa ili waone daftari. Picha katika kitabu zilichorwa kwa ajili ya macho yao. Sauti ya mwalimu ilichaguliwa iwe njia ya somo kwa kuwa masikio yao husikia. Vyote hivyo ni misaada, na vyote vina gharama. Kwa kuwa vimezoeleka, vimeacha kuitwa mahitaji vikaitwa shule. Mtoto anayeomba mashine ya nukta nundu haombi zaidi ya wenzake. Anaomba ubao wake.

Mwanauchumi Amartya Sen, katika mhadhara wa mwaka 1979, aliwataka wanaodai usawa waseme kwanza ni usawa wa kitu gani. Watu wawili wakipewa kiasi kilekile cha mali, mmoja akiwa na mwili unaomgharimu zaidi katika kila analofanya, hawajapewa uwezo uleule. MMEM ulipanga ruzuku ya shule kwa kichwa, kiasi kinacholingana na dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kanuni hiyo ilikuwa na uadilifu wake, kwani ilikataza shule ya mjini kuimeza ya kijijini. Hata hivyo, kugawa vipande vilivyo sawa kwa walio na njaa tofauti ni usawa wa kisu, na aliye na njaa zaidi huondoka akiwa bado na njaa.

Historia inaonyesha kwamba ukaidi wa shule haukuanzia Afrika. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alibuni maandishi ya nukta mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Wanafunzi wenzake waliyashika mara moja, lakini walimu wengi walipendelea herufi za kawaida zilizochomozwa juu ya karatasi, kwa sababu wao walizisoma kwa macho. Alikufa mwaka 1852, na shule yake mwenyewe ya Paris ikayakubali rasmi miaka miwili baadaye. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, uliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na lugha ya alama iondolewe madarasani. Warithi wa mkutano huo walieleza majuto yao huko Vancouver mwaka 2010, miaka 130 baadaye. Katika visa vyote viwili, aliyekataa kusogea ni mwalimu. Alimtaka mwanafunzi avuke mto wote, naye hakuingiza hata unyayo majini.

Wala isidhaniwe kwamba kusogea ni kupunguza kilomita tu. Mtoto kiziwi ndiye anayelipima vizuri zaidi wazo hili. Asiyeona, akiketi katika darasa la kijijini, husikia hadithi, utani na ugomvi wa wenzake. Lugha ya kijiji ni yake. Kiziwi aliye peke yake katika darasa hilo yuko katikati ya watu na nje ya mazungumzo. Lugha haikai kwa mtu mmoja. Yataka wa kuzungumza naye. Kwa mtoto huyu, shule iliyo karibu kwa miguu yaweza kuwa ndiyo ya mbali kabisa, na ile ya Tabora ikawa nyumbani, kwa kuwa huko mikono ya wenzake husema naye. Si ajabu kwamba wakati wenzao walichagua jina la Chama cha Wasioona Tanzania, wao walijiita Chama cha Viziwi Tanzania. Neno ambalo wengine huliona ni la dosari linaweza pia kuwa jina la jamaa yenye lugha yake.

Kwa hiyo kipimo cha haki si umbali wa jengo. Kipimo ni kama mtoto amefikiwa. Kwa mmoja, kufikiwa ni mwalimu ajuaye nukta nundu afike kijijini kwake kila wiki. Kwa mwingine, ni kukusanywa pamoja na viziwi wenzake katika shule moja ya tarafa, mahali ambapo mzazi anaweza kufika na kurudi kwa siku moja, na ndugu zake wanaosikia wakafundishwa alama ili nyumbani nako kuwe na mazungumzo. Anayetaka kanuni moja kwa wote amesahau alichokuwa anakitafuta.

Swali la kwa nini shule iwajibike hivyo ni gumu zaidi ya swali la namna. Waswahili wana jibu la haraka: hujafa hujaumbika. Usimcheke mwenye kilema, kwani hujui kesho utakuwaje. Methali hii ina hekima, na mwanafalsafa Mmarekani John Rawls alijenga hoja ya jamaa hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1971, alipowataka watu wachague kanuni za haki kana kwamba hawajui watakuwa na hali gani duniani. Lakini ikitumika peke yake, methali inaegemeza wema juu ya hofu. Mtoto anakuwa onyo kwa wapita njia, na anayemsaidia anajisaidia yeye mwenyewe wa kesho. Tena mtu mzima mwenye macho mazima hawezi kamwe kuwa mtoto asiyeona anayeanza darasa la kwanza. Hofu yake haimfikii mtoto huyo. Wema wenye mizizi katika hofu huishia pale hofu inapoishia.

Pwani ina fundisho jingine, la kale kuliko vitabu vya wanafalsafa hao. Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum, mtu asiyeona aliyemjia Mtume Muhammad (S.A.W.) huko Makka kutaka kufundishwa, wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Sura ya 80, Abasa, iliteremka kwa ajili yake, na Mtume akamkirimu tangu siku hiyo. Huko Madina alikuwa mwadhini pamoja na Bilali. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mtu yule hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kuomba elimu. Na madai yake hayakupimwa kwa faida ambayo jamii ingeipata kwake, wakati wale wakubwa walikuwa na jaha na wafuasi. Yalitosha kwa kuwa alikuja akitaka kujua.

Fundisho hilo linahitajika khasa pale watetezi wenyewe wanapoteleza. Ni desturi, linapozungumzwa jambo hili, kutajwa Taha Hussein: mtoto wa kijiji cha Misri aliyepoteza macho akiwa na miaka kama mitatu, akahifadhi Kurani, akasoma Al-Azhar na Paris, akawa mwandishi mkubwa, na alipokuwa Waziri wa Elimu kati ya 1950 na 1952 akafuta ada za shule za sekondari. Mfano huu ni mzuri na ni wa hatari. Ni mzuri kwa kuwa unaonyesha kinachopotea mtoto anapoachwa kizingitini. Ni wa hatari kwa kuwa unanong'ona kwamba mtoto anastahili shule kwa sababu huenda akawa waziri. Je, yule ambaye hatakuwa? Yupo mtoto mwenye ulemavu wa akili ambaye, baada ya miaka saba ya juhudi, atajua kuandika jina lake, kuhesabu chenji dukani na kumwambia mgeni njia ya kwenda kisimani. Kwa mizani ya faida, huyu ni hasara. Kwa mizani ya haki, mambo hayo matatu ni elimu yake, na aliyemnyima amemnyima yote.

Mizani ya faida haikuletwa na ubaya wa moyo wa walimu. Imejengwa ndani ya shule. Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa wale wasioendelea mbele, isiwe chekecheo la wachache. Mwelekeo wa baadaye ulikuwa mwingine. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, ulizipanga shule kwa nafasi na kwa rangi kufuatana na mitihani. Mwalimu mkuu ambaye shule yake hupimwa kwa wastani wa alama ana sababu ya kumkwepa mtoto anayeushusha wastani, hata kama ni mtu mwenye huruma. Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Hatua hiyo iliondoa mchocheo mmoja. Bado haijampa mwalimu sababu ya kumtafuta mtoto ambaye hajaja.

Yupo mpinzani mwenye hoja nzito, naye asikilizwe. Wilaya ya vijijini, atasema, ina madarasa yenye watoto sabini na choo kisichotosha. Bei ya mashine moja ya nukta nundu ingenunua vitabu vya darasa zima. Je, ni haki kuwanyima wengi kwa ajili ya mmoja? Hoja hii haijibiwi kwa kukana umaskini wala kwa kudai kwamba mageuzi hayana gharama. Lakini inafaa kuona inahesabu nini. Inawahesabu walio ndani kuwa ndio shule, na aliye nje kuwa nyongeza. Kama ingekuwa desturi kuwafungia nje watoto wote waliozaliwa mwezi wa Machi, hakuna ambaye angesema kuwaingiza ni kuwapora waliozaliwa Aprili. Angesema kwamba vitabu viligawiwa kabla ya watu kukamilika.

Umaskini unaweza kuchelewesha haki. Hauwezi kuigeuza kuwa hisani. Tofauti hiyo si ya maneno. Sadaka hutolewa inapopatikana, na asiyepewa hana wa kumdai. Deni hubaki hata mdaiwa akiwa hana kitu mkononi. Lazima aseme ni kiasi gani, kwa nani, na kwa nini hajalipa. Shule isiyoweza leo kumfikia mtoto wa Nongwe haina dhambi kwa kutoweza. Dhambi yake ni kutomwandika.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba darasa moja haliwezi kubeba masomo tofauti. Watu wa pwani wana ushahidi wa kinyume katika chuo cha Kurani. Huko mkeka ni mmoja na kila mtoto ana mahali pake: huyu yuko kwenye alifu, yule amefika Tabaraka, na mwalimu humsikiliza kila mmoja somo lake huku wakubwa wakiwashika wadogo. Asiyeona hakuwa tatizo mahali ambapo elimu ilipita katika sikio na kukaa kifuani. Chuo kilikuwa na kasoro zake, bakora ikiwamo, na kiziwi alipotea humo kama alivyopotea kwingine. Lakini kinabatilisha dhana kwamba watoto hawawezi kufundishwa pamoja bila ya kwenda kwa hatua moja kama askari. Dhana hiyo ililetwa na darasa la kikoloni, na inaweza kuachwa.

Kusogea kwa shule, kwa hiyo, kuna sehemu mbili. Ipo inayohitaji fedha na serikali: walimu zaidi kutoka vyuo kama Patandi huko Arusha, vifaa, na mwalimu wa kuzunguka vijijini. Na ipo isiyohitaji ruhusa ya mtu. Mwalimu anaweza kuanza kesho kutamka kila anachoandika ubaoni. Darasa zima linaweza kujifunza herufi za vidole katika majuma machache, na watoto hulipenda jambo hilo kama mchezo. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji wanaweza kupita nyumba kwa nyumba, wakafungua daftari la watoto ambao shule haijawafikia, jina kwa jina, na mbele ya kila jina wakaandika kinachokosekana: mashine, mwenzi wa kuzungumza naye kwa alama, mkongojo, mlango mpana. Daftari hilo lisomwe kwa sauti kila mkutano wa kijiji, kama mwenye duka anavyosoma daftari lake la mkopo. Wakaguru wa Gairo, kama Waswahili wa Unguja, wanajua vema dawa ya deni ni nini, na wanajua pia kwamba hakuna anayelipa deni ambalo hakuna aliyeliandika.